Mpishi Asiyekula Chapati Zake

"Boga! Watu wanangoja!"

Sauti ya Swabir ilipenya mabati ya choo. Boga alikuwa amechutama humo, jasho likimtiririka mgongoni. Kilichomtoka kilikuwa chepesi, cha kijivu, chenye mafuta yaliyoelea juu, na uvundo wake ulimfanya mwenyewe azibe pua kwa kiganja. Kiganja nacho kilikuwa na unga. Akatapika hapo hapo, baina ya miguu yake.

Alijisafisha. Akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akanawa tena, akarudi jikoni. Chuma cha chapati kilikuwa kinafuka moshi.

"Tumbo tena?" aliuliza Swabir, mwenye hoteli, bila kumtazama.

"Tumbo."

"Tumbo gani hili lisilopona, yakhe?"

Boga akachukua donge la unga, akaliweka kibaoni na kuanza kusukuma.

Chapati za Boga zilijulikana Ukunda nzima. Wafanyakazi wa mahoteli ya Diani walikuwa wakishuka Kona ya Musa makusudi, wazile moto moto kabla ya kuingia kazini. Ukiishika moja ilikuwa inaachana tabaka kwa tabaka, laini, na samli ikikutiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Aliyezipika ndiye aliyekuwa anayeyuka. Shati lilimning'inia kama limeanikwa. Kucha zilipauka, macho yakaingia ndani, tumbo likamvimba kama la mtoto mwenye utapiamlo. Wengine walisema ni minyoo, wengine homa ya matumbo. Shangazi yake alisema ni jini, akamnywesha mizizi iliyochemshwa mpaka akatapika kijani. Maradhi waliyoyataja akishawapa mgongo aliyajua pia, maana siku hizi walimsalimia kwa mbali.

Na kila chakula kilipomshinda, alijipoza kwa chai ya rangi na chapati moja, akiamini hicho ndicho chakula chepesi cha mgonjwa.

Mkewe, Mwanaima, ndiye aliyemburuta mpaka kwa Daktari Jemima. Damu ikapelekwa Mombasa. Baadaye akaitwa huko huko, akatiwa mpira wa kuchungulia utumbo, kooni hadi tumboni. Siku ya majibu, daktari alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Bwana Boga, kinachokuumiza ni ngano. Ugonjwa huu unaitwa siliaki. Ukila ngano, mwili wako unaushambulia utumbo wako wenyewe, na chakula kinapita bila kukufaa."

Boga alicheka. Kisha akaona kwamba hakuna mwengine anayecheka.

"Basi nipunguze?"

"Hapana, usipunguze. Uache kabisa. Hata kipande, hata makombo."

"Mpaka lini, daktari?"

"Maisha yako yote. Hakuna kidonge. Dawa yenyewe ni kuacha. Unafanya kazi gani?"

Boga alitazama mikono yake. Chini ya kucha palikuwa na unga uliokauka. Mwanaima ndiye aliyejibu, na daktari akasema kwamba hata vumbi la unga, likimezwa, lina madhara yake.

Nyumbani Mwanaima aligawa unga wote kwa jirani. Akasugua sufuria kwa mchanga, akanunua mwiko mpya, akatafuta mashine ya kusaga isiyosaga chochote ila mahindi. Wakala wali, sima, muhogo wa nazi, kunde, samaki. Mwezi wa Ramadhani Boga alifuturu kwa mkate wa mchele na viazi vitamu, huku wenzake wakipitishiana sambusa, kaimati na tambi juu ya kichwa chake. Tumbo likatulia. Choo kikawa choo cha mtu mzima. Nyama ikarudi mashavuni.

Lakini kazi ya chapati hakuiacha, maana hakuwa na nyingine, na kinyaa hakikuondoka. Kilihamia kwenye unga.

Sasa donge aliliona kama kitu kilichokamuliwa kidondani. Liling'ang'ania vidole, jeupe, lenye ubaridi wa ngozi ya maiti. Unga uliolala ulinuka uchachu, naye aliusikia uchachu ule kwenye nywele zake, kwenye mto wake, hata kwenye swala, anaposujudu. Vipande vilivyokwama kwenye mtaro wa jikoni vilivimba majini, vikajikunja kama mabuu. Akajifunga kitambaa puani na mdomoni. Saa ya kula alijificha nyuma ya stoo na bakuli lake la muhogo, akala ameupa ukuta uso.

Watu waliona.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Abdulrahim, muuza kofia, aliyekula hapo kila asubuhi tangu hoteli ifunguliwe.

"Boga, mwanangu, hebu njoo ukae tule pamoja."

"Shikamoo mzee. Ahsante, nimeshakula."

"Marahaba. Umekula nini?"

"Muhogo."

"Muhogo!" Mzee aliweka kipande chake sahanini. "Sisi tunakula chapati zako, wewe unakula muhogo. Na hicho kitambaa usoni cha nini? Kuna nini humo jikoni?"

Boga alitaka kumwambia, lakini maneno yenyewe yalikuwa ya chooni. Akarudi kwenye chuma chake.

Maneno yakaanza kutembea. Panya ameanguka kwenye mafuta. Unga una dawa. Mpishi ametia kitu cha kuvuta wateja, ndiyo maana mwenyewe hawezi kukila. Meza za dirishani zikabaki na nzi.

"Kula moja," Swabir alimwambia. "Mbele yao. Uwafunge midomo."

"Daktari amenikataza hata makombo."

"Daktari hana hoteli. Moja haiui mtu, Boga. Wakiendelea kukimbia, nitafunga, na wewe utakwenda wapi?"

Boga alitoka akakaa katikati ya ukumbi, akavua kitambaa, akala. Lililomkirihi zaidi ni kwamba ilikuwa tamu. Mate yalimjaa kwa furaha, ulimi ukaikumbatia kama mpenzi aliyerudi, na koo likaipokea bila kinyongo. Alijichukia kwa utamu ule. Watu walicheka, mmoja akapiga makofi, Mzee Abdulrahim akasema, "Ewaa!"

Alasiri, njiani kurudi nyumbani, tumbo halikungoja. Aliishia kwenye vichaka vya kando ya njia, na hata huko alichelewa. Mwanaima alimkuta uani, suruali imemganda mapajani, nzi wamemzunguka. Alimwogesha kwa kata, uso ameugeuzia pembeni na leso ameiuma kwa meno.

"Usinitazame," Boga alisema.

"Nani mwengine atakutazama?" Akammwagia maji. "Ni nani aliyekulisha?"

"Nimejilisha mwenyewe."

Mkono wa Mwanaima ulisita, kata ikadondosha maji chini. Kisha akaendelea kumsugua, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Boga alipopata nguvu za kusimama alirudi kazini. Hoteli ilikuwa imejaa. Swabir alimpokea mlangoni kwa bashasha, samli ikimng'aa mdomoni, mkononi ameshika sahani yenye chapati iliyokunjwa.

"Umeona? Wamerudi! Sasa kila asubuhi, kipande tu. Kidogo. Wakuone."

Boga aliitazama ile sahani. Aliyatazama mafuta yaliyokuwa yakiganda ukingoni mwake, na alama ya kidole gumba cha Swabir juu ya chapati. Akaichukua, akaenda kuiweka juu ya meza ya katikati.

"Jamani, nisikilizeni," alisema, na sauti yake ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Chapati hizi ni safi. Hazina panya, hazina dawa. Mwenye kasoro ni mimi. Nina ugonjwa. Nikila ngano, naharisha. Juzi nilikula mbele yenu mkacheka, nikaharisha njiani mpaka nguo zikalowa, mke wangu akanisafisha kama mtoto. Kinachonitoka kina mafuta, kina uvundo ambao..."

"Aki boss, watu wanakula!" alipaza sauti kijana mmoja aliyevaa sare ya hoteli ya Diani.

Mwanamke wa meza ya pili alitema alichokuwa anatafuna kwenye kiganja chake, akabaki amekishika, hajui akitupe wapi. Mtu akasukuma sahani. Kiti kikakwaruza sakafu, kisha kingine.

"Maradhi yenyewe yanaambukiza?" Mzee Abdulrahim aliuliza.

"La, mzee. Ni tumbo langu tu."

Mzee alimega kipande, akakiinua, akakitazama kwa muda, akakirudisha sahanini. Akaifunika chapati yake kwa kisahani cha chai.

"Ungeniambia siku ile nilipokuita," alisema polepole. "Nilidhani unatudharau."

"Niliona haya."

Mzee akainamia chai yake, akainywa. Kwenye chapati hakurudi.

"Toka," Swabir alisema.

Boga alifungua aproni na kuikunja. Akaenda nyumbani nayo chini ya kwapa, maana ilikuwa yake.

Swabir alikuja mwenyewe siku ya pili, akapiga hodi, akakaribishwa kigoda uani. Alizungumza kuhusu joto. Alizungumza kuhusu bei ya mkaa. Mwishowe akasema kwamba Mangi, kijana muosha vyombo, ndiye anayesukuma chapati sasa, na zinatoka ngumu kama ngozi ya kiatu, lakini watu wameanza kurudi, mmoja mmoja.

"Mpishi wa wali na mchuzi ameondoka," akaongeza. "Kuna lile jiko la nyuma. Liko mbali na unga."

"Nitakuwa na sufuria zangu?" Boga aliuliza. "Miko yangu? Asije mtu akachovya chapati kwenye mchuzi wangu?"

"Nitaangalia."

"Usiangalie, Swabir. Niambie."

Swabir alijikuna kidevu. Alitazama mikono ya Boga iliyotulia magotini, safi, kucha zimekatwa mpaka ndani.

"Nipe mpaka Ijumaa," alisema, akainuka, akaaga.

Mwanaima alikuwa ameloweka nguo za kazi tangu asubuhi. Alizikamua, akaliinua beseni, akamwaga maji kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba. Yalitoka meupe kwa unga wa ngano, mazito, yakashuka taratibu mchangani na kuacha utando. Bata wa jirani wakaja mbio, wakizozana. Wakatumbukiza midomo katika ule uji mweupe, wakainua shingo, wakameza, wakatumbukiza tena.

Boga alisimama mlangoni, mate ya uchu yamemjaa kinywani, akiwatazama wanavyoshiba.