Jiwe la Msingi la Mwenyekiti

Kosa la Elinaza lilikuwa kumwambia mama yake kwenye simu kwamba amejenga bwawa. Hakusema ni bwawa la mfano, lenye ukubwa wa kitanda, lililokaa ndani ya maabara ya chuo kimoja cha Toronto, mwaka huo wa 2009. Mama naye hakuuliza. Siku mbili hazikupita, Watanzania wa Toronto nzima, kuanzia Mount Dennis hadi Scarborough, wakawa na habari, na Khalfan, mwenyekiti wa umoja wao, dereva wa basi aliyependa sherehe kuliko chakula, akataka kujua mgeni rasmi ni nani. Alijibiwa ni yeye, maana nani angethubutu kumjibu vingine?

Elinaza hakutaka mgeni yeyote. Mara mbili maji yaliyoruka juu ya ukuta wake yalikuwa yamechimba mchanga wa chini mpaka ukuta ukalala. Jaribio la tatu ndilo la mwisho. Likishindikana, Profesa Roshan, msimamizi wake, alishamwambia, atarudi Moshi bila shahada.

Jumamosi ya jaribio waliingia watu arobaini, masufuria ya pilau mikononi, miwani ya usalama usoni. Utepe ukakatwa. Risala ikasomwa. Mama mmoja wa Weston aliuliza kama wanakijiji wa bondeni wameshahamishwa. Kisha Khalfan akatoa jiwe la msingi, marumaru ya kilo nane iliyochongwa jina lake na cheo chake, akauliza liwekwe wapi.

"Popote, Mwenyekiti," Elinaza alisema, machozi yakimlengalenga. "Popote tu, baba."

Khalfan akalilaza mchangani, chini ya ukuta. Pampu ikawashwa. Maji yakaruka, yakaliangukia jina, yakatulia. Saa tano baadaye pilau ilikuwa imekwisha na mchanga haujasogea.

Profesa Roshan hakuamini. Aliamuru jiwe liondolewe, shimo likarudi. Akaamuru lipinduliwe, ule upande laini haukusaidia kitu. Maji yalitaka maandishi, yavunje nguvu yao kwenye zile herufi zilizochongwa. Basi jiwe likaingia kwenye michoro, na kwa kuwa bwawa halisi lingekuwa kubwa mara arobaini kila upande, jiwe lake lingekuwa la tani mia tano na kumi na mbili, na herufi zake zingefika mita moja.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini mmoja aliuliza kama maandishi yale hayawezi kupunguzwa. Khalfan alikuwa amekaa nyuma, peke yake. Wiki iliyotangulia alikuwa ameangushwa kwenye uchaguzi, na mwenyekiti mpya, Thobias, alikwisha kubandua picha yake ukumbini.

Elinaza alimtazama mzee, roho ikamuuma.

"Hayapunguzwi," alisema. "Hata cheo. Ukifuta neno Mwenyekiti, ukuta unaanguka. Nimelijaribu."

Alifaulu. Khalfan alimpongeza kwa mikono miwili, akapangusa macho, kisha akaomba nakala ya mchoro ampelekee Thobias.