Jicho la Kusalimia

Rozi alikuwa na desturi yake. Mtu akimkaribia, awe mgeni au mwenyeji, hakumkabili uso kwa uso. Aligeuza kichwa pembeni taratibu, mpaka jicho lake la kushoto likamwangukia yule mtu. Kisha alijisogeza mpaka bega la kushoto likawa mbele, akanyoosha pua, akanusa. Hapo ndipo salamu ilipokuwa imekamilika.

Mjini Bukoba watu walikuwa wamemzoea. Mulji, mwenye duka la vitambaa, alimtolea kipande cha sukari guru kiganjani kila alipopitishwa barazani pake.

"Tazama, Ildefons," alimwambia saisi, mtunzaji wa farasi huyo, "huyu ananikagua kama mama mkwe. Jicho moja tu, na limeshaona mpaka kifungo kilichokatika."

Ildefons alicheka. Alikuwa amemtunza Rozi tangu aliposhushwa melini akiyumba kwa mawimbi ya ziwa, na kwake lile jicho la kushoto, kubwa, jeusi, lenye kope ndefu, lilikuwa kama mlango wa nyumba anayoijua. Kila asubuhi alikuja upande huo. Kila asubuhi alifunguliwa.

Miaka michache kabla ya vita vya Hitla, Mzungu mwenye farasi huyo alirudi kwao Ulaya. Rozi alinunuliwa na Ishengoma, mkuu wa gombolola kule Muleba, na Ildefons akaenda naye. Alikwenda kwa furaha. Muleba kulikuwa kwao. Mama yake, Anatolia, aliishi huko kwenye kibanja alimozikwa baba, katikati ya migomba na mibuni. Kibanja chenyewe kilikuwa ndani ya nyarubanja ya Ishengoma. Maana yake ni kwamba walikaa juu ya ardhi ya bwana, na bwana akikunja uso, waliokaa huondoka na mikeka yao kichwani.

Siku ya kumwonyesha farasi, Ishengoma aliwaita watu wake kunywa rubisi, pombe ya ndizi. Wanawake walipiga magoti, wanaume wakainama. Ishengoma alitoka ndani amevaa kanzu nyeupe na koti jeusi, akasimama mbele ya Rozi kama mtu anayengoja kuamkiwa.

Rozi akageuza kichwa, akampa jicho la kushoto na bega la kushoto.

Kicheko kidogo kilipita. Rugemalira, mukungu aliyesimamia kijiji, ambaye ulimi wake ulilegea kwa pombe, akaweka kibuyu chini.

"Waitu, mbona farasi wako anakupa kushoto? Kwetu hata mtoto anayenyonya hampi mkubwa kitu kwa mkono huo."

"Hajakuona vizuri, waitu," mwingine akadakia. "Mzungukie!"

Ishengoma alicheka pamoja nao. Akazunguka kwenda upande wa kulia. Rozi naye akazunguka. Ishengoma akaharakisha hatua, kanzu ikimzonga miguuni, Rozi akageuka naye kwa upole, bega la kushoto mbele, pua imenyooshwa. Wale wanawake waliopiga magoti walifunika vinywa kwa viganja. Rugemalira alicheka mpaka akashika mbavu.

Jioni ile Ishengoma alimwita saisi.

"Umemfundisha wewe?"

"Hapana, waitu. Ndivyo alivyoumbwa. Kila mtu anamsalimu hivyo. Hata yule Mzungu wake."

"Mzungu hajui maana ya kushoto. Mimi najua. Na Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, anakuja kutoka Bukoba senene wakianza kuanguka. Atasimama hapa, na watu wote watakuwepo." Alichokonoa meno. "Mtoto anayekula kwa mkono wa kushoto tunamfanyaje?"

Ildefons aliinamisha kichwa. Alijua.

"Tunaufunga," Ishengoma akajijibu. "Farasi hana mkono wa kufungwa. Ana jicho. Kata tawi la mnyaa pale kwenye ua, umdondoshee utomvu. Usimtoe damu, sitaki ngozi iharibike. Akilikosa hilo la kushoto, atajifunza kutumia la kulia."

"Waitu, atapofuka."

"Nimesema nini mimi? Au kibanja cha baba yako kimekuwa kizito kwenu, nikupunguzie mzigo?"

Ildefons alikwenda kwa mama yake. Anatolia alikuwa anamenya ndizi. Alisikiliza bila kuacha kisu, maganda yakilundikana mbele ya magoti yake.

"Wewe mwenyewe ulizaliwa wa kushoto," alisema. "Nilikufunga mkono kwa kamba ya mgomba, ukalia, ukakataa chakula. Baba yako alitaka kukufungua, nikamkatalia. Leo unakula kama watu."

"Mama, mimi ulinifunga. Hukuukata mkono."

"Na yule ni farasi. Wewe ni mwanangu, na pale nyuma ya nyumba amelala baba yako." Akaelekeza kisu kwenye migomba. "Unataka nikalale wapi?"

Asubuhi yake Ildefons alikata tawi la mnyaa. Maziwa yake meupe yalichuruzika juu ya jani la mgomba alilolishika. Alitembea kwenda zizini akiomba jambo moja tu: siku hiyo Rozi amkatae. Ampige teke. Arudi nyuma, atingishe kichwa, afanye lolote ambalo lingemlazimu mtu kutumia nguvu.

Rozi alimsikia. Akageuza kichwa. Alilileta mwenyewe lile jicho, karibu kabisa, mpaka Ildefons akajiona ndani yake, mdogo, ameshika jani.

Akalidondoshea utomvu.

Mlio aliotoa Rozi uliwafikia watu shambani, wakasimama na majembe yao. Ildefons alining'inia kwenye kamba mpaka viganja vikachubuka. Baadaye alitaka kumwosha kwa maji, lakini Ishengoma alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi, mikono nyuma.

"Acha," alisema. "Ukiosha utarudia kesho."

Jicho likavimba, likawa jeupe kama ute wa yai, kisha likapasuka. Inzi walijaa. Ildefons alikaa zizini kuwafukuza kwa tawi, na kila alipoingia alipita upande wa kulia, aone kama farasi amejifunza. Rozi hakujifunza. Aligeuka vilevile kama zamani, akamwelekezea lile shimo lenye usaha, akanyoosha pua na kunusa. Na akishamaliza kunusa alimwegemezea kichwa begani.

Senene walianza kuanguka, na Bwana Shauri akaja. Alikuwa mrefu, mwekundu wa shingo, mwenye Kiswahili cha kukatakata. Aliposikia kuna farasi, uso wake ulifunguka kama wa mtoto.

"Mlete! Mlete upesi!"

Ishengoma alikuwa amempanga Ildefons asimame namna ambayo Bwana Shauri angeuona ubavu wa kulia tu. Ilikuwa kazi bure. Bwana Shauri alipiga hatua mbili, akaita kwa mluzi, na Rozi akageuka kumsalimu.

Bwana Shauri alitazama, akashika taya la farasi, akatazama tena.

"Nani amefanya hii?"

Ishengoma hakusita hata kidogo. "Saisi wangu, bwana. Mtu katili. Tangu utotoni ni wa mkono wa kushoto, watu wote hapa wanajua. Rugemalira, si kweli?"

"Kweli kabisa," alisema Rugemalira, macho chini.

Bwana Shauri akamgeukia Ildefons. Kabla saisi hajafungua kinywa, Ishengoma alisema kwa Kihaya, akitabasamu kama anayemtuliza, "Sema ukitakacho, mwanangu. Ila ukinitaja, mama yako halali huku leo."

Ildefons alimwona Anatolia katikati ya wanawake, amepiga magoti, mikono mapajani.

"Ni mimi, bwana," alisema.

Bwana Shauri alimpiga kofi. Kisha akalichunguza lile shimo, akalinusa, akatikisa kichwa. Ugonjwa ulikuwa umeingia ndani. Alisema farasi hatapona, na kumwacha hivyo ni dhambi. Akamwagiza askari alete bunduki.

"Wewe umshike," alimwambia Ildefons. "Wewe mwenyewe. Simama upande ule mzima, akuone."

Ildefons alishika kamba, akaenda upande wa kulia, ambako jicho lilikuwa bado zima. Alitaka hivyo hata kabla ya kuamriwa. Alitaka amwone japo mara moja, kabla. Lakini Rozi, alipoisikia harufu yake, alianza kugeuka ili ampe kushoto. Ildefons akazunguka. Rozi akazunguka. Akarudi kinyume, Rozi naye akarudi, kwa upole, pua imenyooshwa, akilitafuta bega lake kwa upande ule usioona kitu.

Mtu mmoja akacheka. Kisha wengine, maana ilikuwa ni ile ngoma ya Ishengoma imerudi, sasa na mchezaji mwingine.

"Simama!" askari alifoka. "Mnacheza?"

Ildefons akasimama. Rozi akamfikia. Akaweka kichwa chake chenye usaha begani pake, akashusha pumzi ndefu ya moto shingoni mwake, na askari akafyatua.

Walipokuwa wanamfunga Ildefons kumpeleka mahakamani Bukoba, Bwana Shauri aliagiza mzoga ufukiwe mbali na makazi, kabla haujanuka. Ishengoma aliitikia kwa adabu. Bwana Shauri alipokwenda kunawa mikono, Ishengoma akawageukia vijana wa kubeba.

"Mpelekeni kibanja cha huyu," alisema kwa Kihaya. "Nyuma ya nyumba pana kaburi, udongo wake umeshalainika. Chimbeni hapo hapo. Mwaka ujao nitapanda kahawa."

"Waitu!" Ildefons alijivuta kwenye kamba. "Nimesema ni mimi. Hukunitaka niseme hivyo? Na mama yangu je?"

Ishengoma alikuwa anafuta tone la damu kwenye upindo wa kanzu yake.

"Mama yako ana miguu," alisema.