Salamu ya Adalbert

...na kama akiondoka sasa hivi, taratibu, kama mtu anayekwenda zake sokoni, nani atamlaumu, maana mwenye bunduki mwenyewe ameshamwambia, "We, kamata kinga yako, uende, huyu mwingine iko na maneno ya kujibu," na kinga yenyewe, baiskeli yake, hii hapa, mkono wa kulia umeishika, ila mkono wa kushoto umeshika ya Adalbert, na Adalbert yuko ndani ya kile kibanda cha mabati, mlango umefungwa, hakuna sauti, afadhali wangepiga kelele, kelele mtu anazielewa, ukimya huu ndio unaomtisha Elysée, ee Mama Maria... na yote kwa ajili ya salamu, salamu tu, walitoka Bukavu alfajiri wakicheka, safari ya hadi Goma kwa nguvu za miguu yao, wauone ufuko wa ziwa ambalo miaka yote walilivuka wakisinzia ndani ya boti, wakapita Kavumu, Adalbert mbele akipiga kengele kila akiona shimo, sambaza, vidagaa vya ziwani, wangekula Katana, walishakubaliana, halafu mwanzi huo wa kizuizi umelazwa barabarani, na Adalbert na mdomo wake mwepesi, "Mbote, chef!", Kilingala, Kilingala leo, kwa hawa... lakini nani hajawahi, tangu utoto wao kila mwenye bunduki alisalimiwa kwa Kilingala, ndiyo ilikuwa adabu ya bariere, unasalimu kwa lugha ya jeshi, unacheka kidogo, unapita, na mazoea yana taabu, maana waliosalimiwa hivyo wamekimbia, wamekuja waasi, na masikioni mwa hawa salamu ile inanuka jeshi lile, "Kumbe we ulikuwa soda wa bale?", Adalbert askari, Adalbert anayefundisha watoto hesabu, asiyeweza hata kuchinja kuku, Marcelline mkewe ndiye anayechinja...

Marcelline, usimfikirie Marcelline, lakini viazi vitamu alivyochemsha bado viko hapa nyuma ya baiskeli, amevifunga mwenyewe, "Tonton Elysée, nakuachia yeye, murudi bote babili," naye akaitikia kwa kifua mbele, bila shaka maman, kumbe kifua hakina kitu, maana walipomuuliza, "Na we, unamujua huyu?", mdomo ulijibu wenyewe, "Hapana, chef, tulikutana tu mu njia," na Adalbert alisikia, hakugeuka, lakini Elysée aliyaona mabega yake yakisikia, kisha mlango ukafungwa... basi aende, watoto wake wanamhitaji, aende akatafute msaada, uongo, msaada gani, kwa nani, gurudumu la mbele linapoteza upepo tangu Kavumu, na pompe iko kwenye mkoba mgongoni kwa Adalbert, imeingia naye mle ndani, viraka na gundi viko mfukoni kwa Elysée, waligawana hivyo makusudi, wa pompe na wa viraka, asiwepo wa kumtangulia mwenziwe mbali, Adalbert alicheka, "Hiyo njo ndoa, ndugu yangu"... lakini pompe si kitu, Katana pompe ziko tele, hawezi kujidanganya kwa pompe, anaogopa, ila woga umehama, ajabu, mwanzo aliogopa wasimwingize naye mle ndani, sasa anaogopa Adalbert atoke, akiwa mzima au akiwa vyovyote, aikute barabara tupu, na Marcelline naye, atamwambia nini, tulikutana tu njiani?

"Bado uko hapa?"

"Chef... nilidanganya. Ni ndugu yangu. Tulitoka naye Bukavu. Namungojea."

"Utangojea paka saa ngapi?"

"Paka atoke."

Yule mwenye bunduki akamtazama, akatema mate, akageukia pikipiki iliyokuwa inakuja, na mlango ni ule ule, umefungwa, jua ni lile lile juu ya mabati, kisiwa cha Idjwi kule ng'ambo ya maji hakijui lolote, na Elysée akaziegemeza baiskeli mbili moja kwa nyingine, akanyoosha kidole gumba, akapiga kengele ya Adalbert, mara moja, kama mtu aliyeona shimo, ili aliye ndani asikie kwamba hajaachwa, akangoja, akaipiga tena.