Kipande cha Kuvunja

Daraja la magogo lililounganisha kihamba cha Mzee Efraimu, shamba lake la urithi la migomba na kahawa, na ng'ambo ya korongo lilizolewa na maji ya masika. Tangu hapo mkewe, Elisifa, alilazimika kuteremka na ndoo ya maziwa hadi barabara iendayo Kwa Sadala, akazunguke, kisha apande upya hadi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, kituo ambacho alipokuwa amesimama mlangoni pake aliweza kukiona bati kwa bati. Mwezi wa sita aliteleza. Maziwa yakamwagika, goti likavimba, naye akarudi nyumbani akicheka kwa sauti ili mumewe asitambue kwamba njiani amelia.

Mumewe alitambua. Jioni ileile alimpigia simu binti yao, Yuditha, aliyeishi Shirimatunda na kufundisha miundo ya chuma katika chuo kimoja cha ufundi mjini Moshi.

"Mwalimu," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu alipoajiriwa, "nichoree daraja la chuma. La kupita mtu na ndoo yake, na ng'ombe mmoja mwenye adabu. Viungo nitavichomelea mwenyewe."

"Baba, Mashaka yupo, na mafundi wake..."

"Nimesema mwenyewe. Hili ni la mama yako."

Zamani maneno hayo yasingehitaji kurudiwa. Karakana ya Rau ambayo sasa ilikuwa ya Mashaka ilikuwa ya Efraimu kwanza, na Mashaka mwenyewe alijifunza humo kushika kijiti cha kuchomelea. Mapaa ya shule na makanisa kadha wa kadha kule mlimani yalisimama juu ya kazi ya mkono wa Efraimu. Lakini tangu Pasaka mkono huo wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Ulianza kwa kikombe kugonga kisahani; ukafuata vifungo vya shati. Daktari aliutaja ugonjwa kwa jina lake na kuandika dawa, na tangu siku hiyo jina lile halikutamkwa tena nyumbani. Elisifa alimkatia mumewe nyama mezani kwa kisingizio kwamba visu vya siku hizi ni butu.

Yuditha aliketi kuchora. Darasani alikuwa na neno ambalo wanafunzi wake walilijua kwa moyo: boriti haikusaliti, kinachokusaliti ni mahali chuma kinapokutana na chuma. Lori lisingeweza kupandisha boriti ndefu katika njia ya migombani yenye kona kali, kwa hiyo kila moja kati ya boriti mbili za daraja ingekuja vipande viwili na kuungwa kulekule korongoni. Aliweka kiungo mbali na katikati, kwa kuwa katikati ndipo boriti inapopindwa zaidi na mzigo. Akakisogeza karibu na ukingo, mahali penye utulivu. Hadi hapo kazi ilikuwa nyepesi.

Kisha likabaki swali la namna ya kuunga. Kiungo cha kuchomelea kinategemea mkono wa siku hiyo, na upepo, na umande. Kiungo cha boliti kinategemea matundu yaliyotobolewa vizuri na nati zilizokazwa sawasawa. Mchoro huo ungekuwa wa mwanafunzi, Yuditha angeandika "boliti" kwa wino mwekundu na kugeuza ukurasa. Alikaa na penseli yake hadi chai ikapoa. Alimwona baba yake amevaa kinyago cha kuchomelea, amechutama juu ya korongo kama alivyochutama maisha yake yote. Akaandika: kuchomelewa.

Siku ya kazi ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, kavu, baridi ya mlimani ikiuma masikio. Misingi ya zege ilikuwa imekwisha kukomaa pande zote mbili, na vipande vya boriti vililazwa mahali pake juu ya vihimili vya miti, ncha kwa ncha. Mashaka alikuwa amekuja na jenereta na mashine, na jiliwa zito la kubania vyuma alilolifunga juu ya kisiki cha mringaringa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Jiliwa umeleta? Vema. Nilidhani umekuwa tajiri ukasahau kipande cha kuvunja."

Hakuna aliyepita mikononi mwa Efraimu akasahau kipande cha kuvunja. Kabla ya kiungo chochote kitakachobeba watu, fundi sharti aunge kwanza vibamba viwili vidogo, vya unene uleule, kwa vijiti vilevile, asubuhi ileile. Kisha kibamba kimoja hubanwa kwenye jiliwa, kingine hupigwa nyundo. Kiungo kikiwa kizuri, chuma chenyewe kitapinda na kiungo kitabaki. Kikiwa kibaya kitakatika, na tumbo lake litaonyesha kila kilichofichwa. Na mwenye kuchomelea hapigi kipande chake mwenyewe. Pale Rau, waliokuwa na ugomvi wiki hiyo ndio walioitwa kupigiana vipande. Efraimu aliamini kwamba kinyongo ni mkaguzi mwaminifu.

Alivaa kinyago. Mwanga wa buluu ukaruka, ukakatika, ukaruka tena. Yuditha, aliyegeuza uso kuukwepa, aliusikiliza mlio wake. Mchomo mzuri huunguruma mfululizo kama mafuta ya kukaangia. Huu ulikuwa ukikwama na kuanza, ukikwama na kuanza. Mashaka naye aliusikia. Akainama kufunga kamba za viatu vyake ambazo hazikuwa zimefunguka.

Kipande kilipopoa, Efraimu akakibana kwenye jiliwa.

"Nipige mimi?" aliuliza Mashaka, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

"Wewe hufai. Unaogopa laana yangu. Yuditha, njoo. Asubuhi umeninyima sukari kwenye chai, kinyongo kipo."

Yuditha alicheka ilivyompasa, akaipokea nyundo. Aliiinua. Machoni mwake kulikuwa na mkono ule, uliokuwa umejificha sasa ndani ya mfuko wa koti, na mfuko ukichezacheza. Akapiga. Nyundo ilitua juu ya kibamba na kuteleza kando. Kibamba kiliinama kidogo tu. Akapiga tena vilevile.

"Kimeshika," alisema.

Efraimu hakukitazama kipande. Alimtazama bintiye.

"Mwalimu, wanafunzi wako nao huwapigia hivyo?"

"Baba, kimepinda, si unaona..."

"Mama yako atapita hapa akiwa na ndoo kichwani." Hakupaza sauti. "Piga."

Akapiga. Safari hii bega zima lilishuka na nyundo, na kipande kikakatika kama muhogo mkavu. Nusu yake iliruka ikaangukia kwenye majani ya migomba. Mashaka aliiokota, akaigeuzageuza, akaiweka katika kiganja cha Mzee. Ndani mlikuwa na matundu kama ya kitumbua, na mstari mweusi wa gamba, taka ya kuchomelea iliyomezwa na chuma kabla haijatoka.

"Zima jenereta," alisema Efraimu. Akaondoka, akaingia katikati ya mibuni yake.

Yuditha alibaki ameshika nyundo. Elisifa, aliyekuwa ameyaona yote kutoka jikoni, alikuja akichechemea hadi kwake, akamtwalia nyundo ile na kuilaza chini kama mtu anayemlaza mtoto.

"Ulimpigia polepole asiumie."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi namkatia nyama. Kila siku nasema kisu butu, na kila siku yeye anakubali kwamba kisu butu." Akafuta mikono kwenye kanga. "Sote wawili tumemfanya awe peke yake. Nenda ukakate isale."

"Isale? Mama, kwani nimeua?"

"Umemdanganya baba yako mbele ya fundi wake. Nenda mpakani, chagua jani bichi. Na usimpe kwa mkono mmoja kama mtu wa mjini."

Isale ilikuwa imepandwa kuuzunguka mpaka wa kihamba tangu enzi za babu. Kwa watu wa mlimani, anayekujia na jani hilo lililofungwa fundo humrudishi; hata kosa liwe kubwa namna gani, utamketisha na kumsikiliza. Yuditha alikuwa hajawahi kulibeba. Alilifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

Baba yake alikuwa ameketi juu ya jiwe, kipande kilichovunjika kikiwa magotini. Yuditha alipiga magoti na kulinyoosha jani kwa mikono miwili. Mzee alilitazama, na pembe ya mdomo wake ikatikisika.

"Hili huletwa na aliyehamisha mpaka wa jirani. Au aliyemchinja ng'ombe asiye wake. Wewe umechinja ng'ombe wa nani?"

"Nimepiga kidogo, Baba. Na kabla ya kupiga nilichora kuchomelea, hali najua."

Efraimu alilipokea jani. Likatetemeka mkononi mwake, ncha yake ikipigapiga hewa, na safari hii hakuuficha mkono. Wote wawili walilitazama likitetemeka.

"Mimi pia nilijua," alisema. "Nilijua tangu kile kikombe. Leo nikakuita wewe upige, kwa sababu nilitaka kuambiwa na mtu ambaye nikiambiwa naye nitaamini. Nawe ukapiga kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa." Akashusha pumzi. "Mwanangu, nikipewa huruma ya namna ile, nitamwua mama yako kwa daraja zuri."

Yuditha aliinamisha kichwa juu ya goti la baba yake. Alihisi mkono ule unatua juu ya nywele zake, ukitetemeka, na polepole, kwa kuwa sasa ulikuwa na mahali pa kutulia, ukipungua kutetemeka.

"Haya," alisema Mzee. "Lingekuwa daraja la mtu mwingine, ungechora nini?"

"Boliti."

"Nipe sababu. Si unalipwa kwa kutoa sababu?"

Alimweleza, akichora kwa kijiti katika udongo. Mabamba mawili kila upande wa kiungo, yakiibana boriti katikati. Boliti ngumu, zikikazwa hadi mabamba na boriti vishikane kwa nguvu, kiasi kwamba mzigo unapita katika ule mshikamano wenyewe, chuma kikiegemea chuma, kisiweze kuteleza. Hakuna kinachofichwa tumboni. Kila boliti iko nje, inaonekana, na ikilegea hukazwa tena.

"Na kukaza boliti kunataka mkono wa namna gani?"

Yuditha alitafakari jibu lake kwa uangalifu, kwa maana sasa alijua thamani ya jibu la kweli. "Wenye nguvu, Baba. Nguvu hizo bado unazo. Utulivu hauhitajiki sana."

Mzee alikunja na kukunjua vidole. Kisha akaita kuelekea korongoni: "Mashaka! Umelala? Tuna matundu ya kutoboa!"

Mabamba yalitobolewa Rau wiki ile, na Mashaka akaazima keekee ya kushika chuma kwa sumaku ili kutoboa ncha za boriti palepale zilipolala. Jumamosi iliyofuata Efraimu alivaa bwelasuti yake ya zamani, ambayo Elisifa alikuwa ameipiga pasi kama ya ibada. Bintiye alimkumbusha utaratibu, naye akasikiliza kama mwanafunzi: kuanzia boliti za katikati ya bamba, kwenda nje, mzunguko wa kwanza wa kushikisha tu, wa pili wa kukaza kweli.

Spana ndefu ilipokaribia nati ya kwanza iligongagonga, ikitafuta mahali pake. Mashaka alinyoosha mkono amsaidie, Yuditha akamtikisia kichwa. Spana ikaingia. Na ilipokwisha kuing'ata nati, ikatulia. Uzito wake ukaushika mkono wa Mzee kama vile mkono ulivyoishika spana. Akavuta kwa mwili wote, akaguna, akavuta tena.

"Mzee, tubakizie na sisi nyingine," Mashaka alisema.

"Wewe uliyeogopa kipande? Shika bamba lako hapo na unyamaze."

Zilipokwisha zote, upande huu na ule, alichukua nyundo ndogo, akapita akigonga kichwa cha kila boliti na kutega sikio. Iliyokaza ililia kwa sauti nyembamba, safi. Moja ikajibu kwa sauti nzito, ya kifua.

"Hii imelegea. Nani kaikaza?" Akaitazama vizuri, akacheka hadi akashika mhimili. "Loo! Ni yangu." Akaikaza, akaigonga, ikalia.

Sakafu ilipokwisha kufungwa, Elisifa alisimama ukingoni na ndoo. Mtu yeyote angeweza kumwambia apite. Alimngoja mumewe. Efraimu alitangulia hadi kwenye kiungo, akagonga kila boliti kwa mara nyingine, kisha akainua uso.

"Pita, mke wangu."

Akapita. Daraja lilishuka chini yake kwa kiasi kile ambacho Yuditha alikuwa amekikokotoa, kiasi ambacho jicho halikioni, likarudi.

Tangu siku hiyo kugonga boliti ni kazi ya Efraimu, ya kila asubuhi, na hakuna anayethubutu kumsaidia. Mezani huomba mwenyewe akatiwe nyama, na hakuna anayekisingizia kisu. Elisifa akiwa zizini huusikia mlio kutoka korongoni, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho ukilia hunyanyua ndoo. Ziko asubuhi ambapo mkono unasumbua na mlio unachelewa. Siku hizo hamwiti. Huketi juu ya kigoda kando ya ng'ombe, mikono mapajani, maziwa yakipumua mvuke ndani ya ndoo, naye hungoja.