Alama Mia Moja na Moja

Kundi letu la ubao wa magurudumu hapa Accra lina desturi yake. Mgeni huteremka na ubao wake kutoka mzunguko wa barabara ulio juu kilimani mpaka uwanja wa zege. Kusukuma kwa mguu mmoja ruksa, kushuka ubaoni hapana. Akifika, huandika jina lake kwa rangi kwenye ukuta wa uwanja. Akianguka mara tatu, husubiri mwaka mzima.

Mimi nilikuwa nimeshaanguka mara mbili.

"Dedei, lami imekupenda!" alipiga kelele Nii Armah, mmoja wa kundi. "Kila ukipita inataka kukukumbatia!"

Nilicheka nao huku nikipangusa goti, lakini niliitaka ile nafasi ukutani kuliko nilivyokitaka cheti changu cha chuo.

Akuorkor, mkongwe wa kundi, aliinua ubao wangu akalikandamiza gurudumu kwa ukucha. Halikubonyea hata kidogo.

"Mdogo wangu, nani kakuuzia mawe haya?"

"Nimechagua mwenyewe," nikasema kwa fahari. "Soma namba: mia moja na moja. Yako ni sabini na nane tu."

Alicheka mpaka akakaa chini. "We msomi! Ulidhani ni mtihani? Mwalimu gani anatoa mia moja na moja kwa mia? Huo ni ugumu. Namba ikipanda, gurudumu linakuwa gumu zaidi. Gumu linakimbia kwenye zege nyororo, ila kwenye lami hii linakwama kwenye kila kijiwe. Laini linapita juu yake."

Akatoa spana, tukabadilishana magurudumu palepale kando ya barabara.

"Hiyo ni haki kweli?" Nii Armah akauliza.

"Desturi inasema asishuke," Akuorkor akamjibu. "Haijasema magurudumu lazima yawe yake mwenyewe!"

Nikaondoka. Meno yangu hayakugongana tena. Kokoto zilipita chini yangu kama punje za mchele, na muuza kelewele, zile ndizi za kukaanga zenye viungo, akanipungia mwiko. Kwenye zege ubao ukawa mzito, kana kwamba nimeingia kwenye asali. Nikasukuma, nikasukuma tena, karibu nilie, mpaka kiganja kikagusa ukuta.

Akuorkor alifika akikimbia, ubao kwapani. Akauweka kwenye zege, akapanda, na yale mawe yangu yakaimba. Alizunguka uwanja mzima kwa msukumo mmoja.

"Dedei! Haya sirudishi!"

"Chukua, dada! Mimi niachie barabara!" nilijibu, brashi mkononi, herufi ya kwanza ya jina langu ikichuruzika rangi.