Mgonjwa Namba Kumi na Saba

Wamucii hakualikwa kuzungumza. Yeye na jamaa wengine wa wagonjwa waliitwa kwenye ukumbi mmoja hapa Eldoret wanywe chai, washukuriwe, na wasikie watafiti wamegundua nini kuhusu saratani ya kongosho.

Babake, Mzee Mungai, mkulima wa viazi wa Burnt Forest, alikuwa nyumbani amelala. Mwezi wa Januari, alipopatikana na ugonjwa huo, alikubali kipande cha uvimbe wake kichukuliwe, watafiti watafute ndani yake alama za kuonyesha ugonjwa utaenda vipi na dawa gani itafaa. Tangu hapo alikuwa akitundikiwa dawa ya kawaida ya saratani kliniki. Alitapika, akakonda, na uvimbe ukazidi kukua.

Daktari Mbuthia, kiongozi wa utafiti, alionyesha jedwali ukutani. "Huyu namba kumi na saba tulimpata na hitilafu kwenye jeni ya BRCA2. Wagonjwa kama yeye mara nyingi husaidika na dawa iitwayo sisplatini."

Wamucii aliijua namba hiyo. Iliandikwa kwenye fomu ya babake, naye ndiye aliyemsomea fomu yenyewe kabla hajatia sahihi. Akasimama.

"Daktari, huyo ni baba yangu. Matokeo haya yalitoka lini?"

"Februari, lakini..."

"Leo ni Julai. Hiyo dawa iko Eldoret?"

"Iko."

"Na mbona hajapewa?"

Daktari alivua miwani. "Mama, huu ni utafiti tu. Kanuni hazituruhusu kumpa mgonjwa majibu."

"Ziliwaruhusu kumkata nyama! Miezi mitano mnamtazama akiisha, na jibu mmelifungia kwenye kompyuta?"

Hakuna aliyegusa chai. Mzee Aden, aliyekuwa amemzika mkewe mwezi uliotangulia, aliuliza polepole, "Na namba tisa? Namba tisa mlimwona na nini?" Daktari alizima jedwali ukutani.

Wamucii alikataa kutoka ukumbini mpaka apewe karatasi ya matokeo. Jioni alimsomea babake. Mzee akasema, "Niliwapa kwa moyo safi. Kumbe walisikia uvimbe wangu ukisema, na wao wakanyamaza."

Wamucii aliipeleka karatasi kliniki, na wiki iliyofuata dawa ilibadilishwa. Uvimbe ukapungua kidogo. Mzee akaanza kula tena, akasimamia uvunaji wa viazi akiwa ameketi kwenye kiti mpakani mwa shamba, akiwagombeza vibarua. Alifariki Aprili mwaka uliofuata. Wamucii naye alipimwa, kwa kuwa hitilafu ile hurithiwa. Hakuwa nayo, dadake Waiyego alikuwa nayo, na sasa huchunguzwa kila mwaka.

Baadaye kamati ya utafiti ilimwandikia Wamucii kwamba kuanzia sasa majibu yenye kumfaa mgonjwa yatapelekwa kwa daktari wake. Mwisho wa barua walimshukuru kwa uvumilivu wake.

Aliandika chini yake, "Sikuvumilia," akawarudishia.