Kulala: Kamwe

Saa tatu na robo asubuhi, skripti, yaani programu fupi ya kuuliza maswali, ilimaliza kusoma mipangilio ya kompyuta za matawi yote ya shirika la umeme, na majibu yakaanza kushuka kwenye skrini ya mtaalamu wa mifumo. Ilikuwa kazi ya kawaida. Skripti ilibisha hodi kwa kila mashine kupitia mtandao, ikauliza jina lake, toleo la mfumo wake, lugha, chanzo cha saa na muda wa kulala, kisha ikaondoka bila kugusa kitu. Mtaalamu aliiandika mwenyewe na kuipa ruhusa ya kusoma tu, kwa kuwa ndiyo ruhusa pekee aliyokuwa nayo.

Mashine za matawi mengi zilijibu kwamba hulala zikikaa robo saa bila kuguswa. Za kituo cha hitilafu, kilicho mbali kuliko vyote, zilijibu: *Kulala: kamwe.* Chini yake ukaja mstari wa chanzo: *Makao makuu.* Hilo lilikuwa na maana. Kituo hicho hupokea simu za watu waliokatikiwa umeme, na mashine ya kupokea simu haipaswi kusinzia. Lakini kila mashine ya kituo kile ilikuwa imejibu mara mbili, mara moja kwa jina lake na mara ya pili kwa jina la mtu anayekaa mbele yake.

Mtaalamu aliipitia skripti upya kutoka juu hadi chini. Swali lilikuwa limeandikwa "muda wa kulala", bila kusema wa nani. Mashine zilikuwa zimewajibia wote waliokuwamo chumbani. Kosa lilikuwa la uandishi. Majibu yalikuwa sahihi.

Jina la meza ya nne lilikuwa la mama yake mdogo, aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Akapiga simu.

"Kituo cha hitilafu, nikusaidie nini?"

"Mama mdogo, ni mimi."

"Nimejua utapiga. Mashine imepepesa kidogo asubuhi hii, nikasema huyo ni mwanangu ananichungulia."

"Mnalala saa ngapi huko?"

"Hatulali, mwanangu. Hata lepe. Tangu mlete ule mpangilio."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini tena? Si nyinyi mlioutuma?"

"Si mimi. Ni ofisi."

"Haya. Ofisi nayo ina mama mdogo?" Mama mdogo akacheka, kisha akaomba radhi, akapokea simu nyingine.

Kanuni ya kitengo ilisema kwamba jibu lisilolingana na mengine lihakikiwe mahali lilipotoka. Mtaalamu aliomba gari la ofisi, akafika kesho yake mchana.

Kituo kilikuwa jengo la ghorofa moja lenye paa la bati na ukumbi mrefu unaokwenda hadi chumba cha simu. Mlinzi alikagua kitambulisho chake, akamrudishia.

"Pita mkono wa kushoto," alisema. "Kulia kuna treni, na haisimami."

"Ya nani?"

"Yangu."

Treni ilikuwa na upana wa nusu ya ukumbi. Ilitoka kwenye ukuta wa mwisho, ikapita polepole, ikaingia kwenye ukuta wa mlangoni, behewa baada ya behewa, na ndani ya kila behewa watu walikuwa wamevaa vizuri, wakizungumza na kumegeana mkate. Haikuwa na sauti isipokuwa karibu sana, na hapo ilisikika kama mtu anayehesabu kwa kunong'ona. Mlinzi alieleza kwamba ndoto yake ilikuja kama kawaida usiku ule mpangilio ulipoingia, ikamkuta macho, ikasubiri. Za wengine zilifanya vivyo hivyo. Mwanzoni zilisubiri majumbani, lakini wenyewe walikaa kazini muda mrefu zaidi, kwa hiyo zikawafuata.

"Na zamu ya usiku?"

"Ilifutwa," alisema mlinzi. "Watu wasiolala zamu mbili za nini? Walioondolewa ndio wenye bahati. Nasikia wanakoroma mpaka majirani wanalalamika."

Mtaalamu alipita mkono wa kushoto. Kulikuwa na twiga watatu waliokunja shingo ili waenee chini ya dari. Kulikuwa na mlango wa mbao uliosimama peke yake, na mwanga wa asubuhi ukitoka kwenye tundu la ufunguo wake, ingawa nje ilikuwa alasiri. Karibu na chumba cha simu, ukutani, kulikuwa na ziwa.

Lilisimama wima kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa cha mtu, na hakukuwa na kioo wala ubao uliolizuia. Maji yalikuwa ya kijani kibichi chini na meupe juu, ambako jua lisiloonekana lilikuwa likiyapiga. Upepo ulipopita ndani yake, viwimbi vilipanda badala ya kusambaa. Samaki walikuja hadi usawa wa macho ya mtaalamu, wakamtazama, wakaenda zao. Mbali sana ndani, mbali kuliko unene wa ukuta ule na nyumba zote zilizokuwa nyuma yake, mwanamke alikuwa ameinama akifua nguo, amempa mgongo. Povu lilimtoka mikononi, likapaa polepole, na kila tone lilibeba taswira nzima ya ziwa. Mtaalamu alisimama hapo akiwa amesahau kwamba alikuwa ameshika mkoba, hadi ukamponyoka.

"Hiyo ni yangu," alisema mama mdogo, aliyekuwa amejitokeza mlangoni na vifaa vya kusikilizia shingoni. "Njoo nikuone. Umekonda. Ofisini kwenu hawali?"

Uso wa mama mdogo haukuwa umechoka. Macho yake yalikuwa makavu na maangavu, na yalipepesa mara chache sana, kama ya mtu anayesoma maandishi madogo. Alimshika mtaalamu mkono, akamwonyesha alama ya penseli karibu na dari.

"Maji yalifika hapa. Sasa unaona yalipo."

Yalikuwa yameshuka kiasi cha urefu wa mkono mmoja.

"Yakiisha?"

Mama mdogo alielekeza kidevu kwenye meza ya kwanza. Alikaa pale mwanamume waliyemwita Mbishi, kwa kuwa hapo zamani alikuwa akibishana na kila mtu kuhusu kila kitu, hadi jina la mtaa wake mwenyewe. Ndoto yake ilikuwa bustani. Ilisinyaa ikawa kichaka, kikawa chungu cha maua, kisha siku moja ikatoka mlangoni bila kumuaga mtu.

"Shemeji," mama mdogo alimwita, "chai au maji?"

"Sawa tu," alisema Mbishi.

"Mgeni anasema wewe ni mfupi."

"Ni kweli."

"Na timu yako ni mbovu."

"Ni mbovu," alisema Mbishi kwa upole, akapokea simu. Aliipokea vizuri kuliko mtu yeyote chumbani. Sauti yake ilikuwa tulivu, hakumkatiza mteja, na hakutaka chochote.

"Nyumbani mke wake anamuuliza apike nini," mama mdogo alisema kwa sauti ya chini, "anasema sawa tu. Mtoto anamuuliza aende shule au asiende, sawa tu. Mimi sijali kukosa usingizi, mwanangu. Usiku nimepata muda wa kufuma. Lakini hilo ziwa likienda, nitakaa hapa nitake nini?"

Mtaalamu alikaa mbele ya mashine ya meza ya nne, akafungua mipangilio. Palipoandikwa *Kulala* palikuwa na rangi ya kijivu, na chini yake maneno: *Mpangilio huu unasimamiwa na makao makuu.* Akachomoa waya wa mtandao, kisha wa umeme. Skrini ikazimika. Mama mdogo akalala juu ya viti viwili vilivyounganishwa, kanga ikiwa juu yake, akafumba macho. Wenzake walizima vifaa vyao na kunyamaza. Ziwa lilisogea karibu, hadi ukingo wake ukagusa miguu ya kiti, na chumba kikanuka majani mabichi.

Baada ya muda mama mdogo alisema, macho yakiwa bado yamefumbwa, "Naona ngozi ya kope zangu. Ni nyekundu. Basi."

"Ulikuwa unalala pono wewe," alisema mtaalamu. "Nilikuwa nakuvuta miguu uamke."

"Nakumbuka. Nilikuwa nimeshaamka muda mrefu tu, ila napenda kuvutwa." Mama mdogo aliinuka, akakunja kanga. Ziwa likarudi ukutani. Mtaalamu aliandika kwenye taarifa yake kwamba mpangilio ulikuwa umekwisha kuwaingia watumiaji wenyewe, na ungeweza kuondolewa tu ulikotoka.

Mkuu wa kitengo, makao makuu, alisoma taarifa hiyo yote mbele yake, hakuruka hata mstari. Hakuwa mtu mkatili. Mezani alikuwa na picha ya binti yake akipokea cheti.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Hasa sehemu ya treni."

"Mzee, naomba mpangilio urudishwe kuwa robo saa."

"Wakilala, simu za usiku atapokea nani? Umeme ukikatika hospitalini?"

"Zamu ya usiku."

"Zamu ya usiku ilifutwa."

"Ilifutwa kwa sababu hawalali."

"Ndiyo hivyo," alisema mkuu wa kitengo, kama mtu aliyeafikiwa. "Tangu hapo hakuna simu hata moja iliyokosa mpokeaji. Dada, mimi nakuelewa, yule ni mzazi wako. Lakini wewe una ruhusa gani kwenye mashine zile?"

"Ya kusoma."

"Basi soma."

Mtaalamu alirudi kwenye meza yake. Alifungua skripti, akaongeza chini ya swali la kulala swali moja jingine, safari hii bila utata: alitaja mashine, alitaja mtumiaji, akauliza ni kitu gani kinachomsubiri. Lilikuwa swali la kusoma. Halikuhamisha kitu wala kubadilisha kitu. Akaliendesha.

Jibu lilichukua muda mrefu kuliko yote aliyowahi kupokea. Kwanza skrini ikawa ya kijani. Kisha ubaridi ukatoka kwenye waya wa mtandao, na ukuta wa ofisi, kuanzia kabati hadi dirishani, ukafunguka ukawa ziwa. Lilikuwa limeshuka zaidi. Sasa lilimfika mtu kifuani. Lakini umbali wake haukuwa umepungua. Ng'ambo ya maji ilionekana milima ambayo hakuiona kituoni, mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja ulikuwa na mvua yake. Samaki walipita wakiwa na kimya chao. Mwenzake wa meza ya jirani aliinua mkoba wake sakafuni, akauweka juu ya meza, akaendelea na kazi. Baada ya kitambo aliacha kazi, akageuza kiti, akatazama. Mhudumu wa chai alisimama mlangoni na sinia, na chai ikapoa.

Mtaalamu akapiga simu meza ya nne.

"Mama mdogo, nalisoma."

"Lipo na huku," alisema mama mdogo, "ila hapa nilipo silioni, nimefungwa kwenye meza, simu zinaingia mfululizo. Nisomee."

Akamsomea. Alimweleza rangi ya maji, milima na mvua zake, povu na kilichokuwa ndani ya povu. Alieleza kama alivyozoea kuandika taarifa, kitu baada ya kitu, na hakuongeza sifa. Mama mdogo alipumua taratibu.

"Na mwanamke?"

"Bado anafua. Sasa anakamua shuka. Mama mdogo, anageuka."

"Ni nani?"

"Jua liko nyuma yake. Subiri. Anaweka mkono juu ya macho. Anatafuta mtu huku kwetu."

"Mwanangu, ni nani?"

Kwenye simu ikasikika mlio mfupi.

"Ngoja," alisema mama mdogo. "Usikate. Kuna simu imeingia."

Mtaalamu alisubiri, simu ikiwa sikioni. Alisikia kwa mbali sauti ya mama mdogo ikimuuliza mtu jina la mtaa wake, na kama ni nyumba moja tu iliyokosa taa au ni mtaa mzima. Mwanamke wa ziwani alimaliza kutazama. Alikuwa mama mdogo mwenyewe, mwenye umri wa siku zile alipokuwa akivutwa miguu. Aliita jina moja kwa sauti, na jina hilo lilikuwa la mtaalamu. Alisubiri kiasi. Kisha akaweka shuka kwenye beseni, akalitwika kichwani, akapanda kuelekea milimani bila haraka, na maji yakamfuata, yakipungua kutoka kifuani hadi kiunoni, hadi magotini, hadi sakafu ikabaki na unyevu na ukuta ukawa ukuta.

"Samahani kwa kukusubirisha," alisema mama mdogo. "Ulikuwa unasema?"

Mtaalamu akamweleza mwanamke alikuwa nani, aliita jina gani na alielekea wapi. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alipohakikisha kwamba hakuna jambo jingine, alimshukuru kwa kuwasiliana na kituo cha hitilafu, akamtakia siku njema.